Kobayi wa kwanza wa mtoto
Mtoto akipata kobayi wake wa kwanza, tumfundishe mapema. Sanduku la mbao lenye nyasi kavu chini linatosha, kwani kobayi haruki juu. Usiku lifunikwe, paka asiingie. Kila siku apewe majani mabichi na maji safi: mwili wake hautengenezi vitamini C, kama vile wetu sisi watu. Akila unga tu, ataugua na kufa. Jike hubeba mimba miezi 2 na siku chache. Watoto wake madume watengwe wakifika majuma 3, wasije wakampanda mama yao. Siku za kukimbia tunazijua: mbuzi hubaki nyuma, lakini kobayi wawili huingia kikapuni. Mtoto anayejua kuwatunza ataanza upya nao.