Kazi ya Hiari Si Kazi ya Bure

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zako za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya neno lililosemwa katika mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani mwaka jana. Tulikuwa tumekwisha kula, tukawa tunatembezwa shuleni. Tulipofika nyuma ya maabara tuliona nyaya mbili zimetandazwa juu ya nguzo. Mwenzetu mmoja, mtu wa heshima na mfadhili wa shule, akauliza kamba hizo za kuanikia nguo ni za nani. Alipoambiwa kwamba ni nyaya za kusikilizia mawimbi yatokayo katika sayari, alicheka sana, akasema, "Kazi ya bure hiyo! Nani atawalipa vijana hawa kwa kusikiliza kelele?" Wengi tulicheka pamoja naye. Mimi pia nilicheka. Tangu siku ile kicheko kile kimenikaa rohoni kama deni, na leo nataka kulilipa.

Kwa wale wasiokijua, chama hiki ni cha wanafunzi kumi na wawili na mwalimu mmoja wa fizikia. Hakina ada wala cheti. Hukutana Jumamosi baada ya usafi. Kazi yake ni elimu ya nyota kwa njia ya redio. Wengi wetu tulidhani kwamba nyota huchunguzwa kwa macho na kwa darubini ya vioo tu. Sivyo. Jua, sayari ya Mshtarii ambayo vitabu vyetu vya Kiingereza huiita Jupiter, na hata Njia ya Maziwa, vyote hutoa mawimbi ya redio, na mawingu hayayazuii mawimbi hayo. Kila waya wa vijana hawa una urefu wa mita 7 hivi, maana huo ndio urefu ufaao kwa mawimbi ya megahezi 20, ambayo Mshtarii huyatoa kwa nguvu nyakati fulani. Nyaya zimeungwa na redio ya mawimbi mafupi, na redio imeungwa na kompyuta kuukuu inayochora mstari wa kupanda na kushuka kwa sauti. Basi, mtambo wote ni huo.

Lakini kusikiliza ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kufyeka majani, kukaza kamba, kuganga nguzo, kushika zamu, kuchomoa waya upesi radi inapokaribia, na kuandika daftari. Daftari hilo nimelisoma lote, nalo ndilo lililonifumbua macho.

Mwaka jana, muhula wa kwanza, vijana walisikia mngurumo ulioanza kila siku saa moja ya jioni. Ulivuma kama mawimbi ya ziwa yapigayo ufukweni, na vitabu husema kwamba Mshtarii huvuma vivyo hivyo. Furaha ikawa kubwa, na wengine wakataka habari ichapwe mara moja katika gazeti hili. Katibu wa chama, kijana wa kidato cha sita, mchache wa maneno, alikataa. Alisema, "Tungoje wiki tatu."

Kwa nini wiki tatu? Yampasa kila mwanafunzi aijue habari ya Karl Jansky, mhandisi wa Marekani. Yeye alipewa kazi ya kutafuta asili ya kelele zilizosumbua simu za redio za ng'ambo. Katika kelele hizo aliona moja ambayo ilirudi kila siku mapema kuliko jana yake, kwa muda wa dakika 4 hivi. Vitu vya hapa duniani hufuata saa za watu, na jua lina saa zake. Bali nyota hurudi mahali pake kila baada ya saa 23 na dakika 56. Hivyo ndivyo Jansky alivyotambua kwamba kelele ile yatoka nje kabisa, katika Njia ya Maziwa, akatangaza habari hiyo mwaka 1933. Mshtarii naye huifuata njia hiyo kwa karibu sana. Kama mngurumo wa vijana wetu ungalikuwa wa mbinguni, baada ya wiki tatu ungalitangulia kwa karibu saa moja na nusu.

Ikapita wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mngurumo haukusogea hata dakika tano. Tena siku za Jumapili haukusikika kabisa. Katibu akaandika katika daftari, "Mshtarii haendi kanisani." Kisha akashuka kijijini, akamwamkia kwa adabu mzee mwenye mashine ya posho, akamwuliza saa zake za kusaga. Jibu mmekwisha kulijua.

Wako watakaocheka tena. Lakini na wajue kwamba mwaka 1955, huko Marekani katika jimbo la Maryland, wataalamu wawili, Bernard Burke na Kenneth Franklin, walipata kelele katika mtambo wao, wakadhani ni cheche za motokaa ya mtu apitaye usiku. Kumbe ndiyo iliyokuwa sauti ya Mshtarii, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameitambua kabla yao. Wao walidhani motokaa wakapata Mshtarii. Sisi tulidhani Mshtarii tukapata mashine ya posho. Njia iliyotumika ni moja: kungoja, kuandika, na kutojidanganya. Nauliza, ni somo gani katika ratiba yetu lifundishalo mambo hayo matatu vizuri kuliko hivi?

Sasa nirudi kwenye neno "bure". Mwenzetu aliuliza nani atawalipa. Mimi namjibu kwa habari ya Grote Reber. Huyu alikuwa mhandisi kijana aliyeajiriwa katika kazi za redio. Mwaka 1937, katika mji wa Wheaton, jimbo la Illinois, alijenga uwanjani kwa mama yake dishi lenye upana wa zaidi ya mita 9, kwa mikono yake na kwa fedha zake. Hapana aliyemtuma. Mchana alifanya kazi ya mshahara, usiku alisikiliza, kwa sababu mchana cheche za motokaa zilikuwa nyingi. Alijaribu mawimbi ya namna ya kwanza asisikie kitu. Akabadili, asisikie kitu. Mara ya tatu akafaulu. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeshika kazi hiyo kama yeye. Ramani yake ya mawimbi ya mbinguni ilichapwa mwaka 1944, na baada ya vita vyuo vikubwa vikafuata njia aliyoipasua mtu wa hiari.

Pengine mtasema, huyo alikuwa mtu mmoja mwenye kipaji cha pekee. Haya, natoa mfano wa watu wa kawaida. Huko Uholanzi, mahali paitwapo Dwingeloo, pana darubini ya redio yenye dishi la mita 25. Ilipofunguliwa mwaka 1956 hapakuwa na kubwa zaidi duniani, ingawa sifa hiyo haikudumu. Wataalamu waliitumia kwa miaka mingi. Kisha mitambo mipya ikajengwa, na darubini ile ikaachwa katika miaka ya mwisho ya 1990. Chuma kikashika kutu. Basi mwaka 2007 watu wa hiari waliunda chama kiitwacho CAMRAS, wakaichukua kazi ya kuifufua. Miongoni mwao wamo wahandisi waliostaafu, wapenzi wa redio na wataalamu wa nyota. Mwaka 2012 dishi liliteremshwa chini ili litengenezwe, na mwaka 2014 darubini ikafunguliwa tena. Mwisho wa mwaka 2024 watu hao waliipokea sauti hafifu ya chombo Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kikiwa mbali nasi kwa karibu kilomita bilioni 25. Kitu kilichotupwa na wenye mishahara kiliokotwa na wasio na mshahara, nacho kimefanya kazi ambayo waliokijenga hawakuiota. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Marekani nako, tangu mwaka 1981, kuna Society of Amateur Radio Astronomers, chama cha watu wa namna hiyo hiyo. Hukutana, husaidiana kutengeneza mitambo, na huwajibu wanaoanza. Jina ambalo Waingereza huwapa watu hawa lina asili ya neno "kupenda". Sisi tumezoea kulitumia kana kwamba maana yake ni mtu asiyejua kazi. Naona tumelidhulumu.

Sasa, ndugu zangu, naingia katika sehemu iliyo ngumu kwangu. Siku ile ya kicheko, katibu alituuliza kama miongoni mwetu yuko ajuaye kutengeneza redio, kwa kuwa ya chama ilikuwa imezimika. Mimi ni fundi redio. Kwa haya ya kicheko nilichocheka, niliinua mkono mbele ya wote, nikapigiwa makofi. Nikaichukua redio ile, nikasema, "Wiki mbili tu." Nikaiweka chini ya meza yangu ya kazi. Wateja wenye fedha wakaja, nikawatangulia wao. Wiki mbili zikawa mwezi, na mwezi ukawa muhula. Nilipoirudisha ilikuwa mwaka huu. Ubovu wake ulikuwa waya mmoja uliotaka kutiwa lehemu, kazi ya dakika kumi.

Mwalimu alinipa daftari niliandike kwamba redio imerudi. Nikafungua kurasa za nyuma. Kila Jumamosi ya miezi ile ina tarehe yake, na mbele ya kila tarehe, kwa mwandiko mzuri, pameandikwa maneno mawili: "Redio haijarudi." Hakuna lawama, wala jina langu halimo. Jumamosi ya mwisho ni ile iliyotangulia mtihani wake wa kidato cha sita. Kijana yule alitumika chama kwa miaka miwili. Alifyeka, alikaza kamba, aliwazuia wenzake wasiseme uongo, kisha akaondoka bila kumsikia Mshtarii hata mara moja. Kilichomzuia si umaskini wa shule wala ukubwa wa kazi. Nilimzuia mimi, niliyepigiwa makofi.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba kazi ya hiari si kazi ya bure, wala si kazi ya kufanywa ukipenda na kuachwa ukipenda. Hiari ni katika kuingia. Ukishaingia, ni wajibu kama wajibu mwingine, tena mkubwa zaidi, maana asiyelipwa hana mwajiri wa kumsimamia ila dhamiri yake.

Nina maoni machache ya kutoa. Kwanza, sisi wanafunzi wa zamani tupunguze hotuba na ahadi kubwa, tutoe ahadi ndogo zenye tarehe. Ahadi ni deni. Seremala na atoe Jumamosi moja kila muhula, fundi umeme moja, mhasibu moja ya kuangalia hesabu za vyama vya shule. Hayo yatafaa kuliko bahasha itolewayo mara moja mbele ya wapiga picha.

Pili, wanafunzi msingoje mitambo mikubwa. Nchi yetu ya Uganda imekatwa na mstari wa Ikweta; kutoka hapa mtu huweza kuona nyota za kaskazini na za kusini pia mwaka unapozunguka, jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawana. Mianzi na waya mnavyo.

Tatu, kila ashikaye kazi amfundishe mdogo wake kabla ya kuondoka, na daftari liandikwe hata siku ambayo hakuna kitu. Usiku ulioandikwa "kimya" kwa kweli una thamani kuliko usiku ulioandikwa "Mshtarii" kwa tamaa.

Nne, sikubaliani na wale watakaosema kwamba vijana na waache masomo kwa ajili ya chama. Mitihani ina haki yake. Lakini saa mbili za Jumamosi hazijamfelisha mtu.

Nimalizie kwa habari njema. Miezi michache iliyopita, saa tano ya usiku, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu, wavulana wawili wa kidato cha tatu walisikia mngurumo, kisha mlio kama changarawe zitupwazo juu ya bati. Wakaandika, "Labda Mshtarii." Nilimpigia simu katibu wa zamani, ambaye sasa yuko mbali, nikamweleza kwa furaha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mzee, mmemwuliza mwenye mashine?"

Tumemwuliza. Alikuwa amelala.

Jumamosi ijayo nitakuwa nyuma ya maabara saa nne ya asubuhi. Nawe mwenzangu uliyeuliza habari za kamba za nguo, nakukaribisha kwa moyo mweupe. Nguzo ya pili ya mwanzi imeanza kuoza, na wewe una kiwanda cha mbao.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Zamani