Dereva Asingoje Pampu Imfundishe

Hoja iliyochapishwa ni hii: kuwalazimisha watengenezaji na waagizaji wa magari kutangaza unywaji wa mafuta ni urasimu, maana sisi Watanzania hununua magari yaliyotumika, na kila dereva atajionea mwenyewe kwenye pampu.

Atajionea lini? Akishalipa! Chukua dereva wa teksi kati ya Bukoba na Muleba: kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Gari linalokunywa lita 12 kwa kilomita 100 litamla lita 1,200 zaidi ya lile la lita 8, kila mwaka, tena kwa bei elekezi ya Bukoba inayopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iliyobeba gharama ya kusafirisha mafuta kutoka pwani. Huyu ndiye mnayemwambia asubiri?

Eti gari la mtumba halina takwimu. Linazo: Japani, yanakotoka mengi, huwalazimisha watengenezaji kutangaza kilomita kwa lita.

Eti watengenezaji hudanganya. Mitsubishi ilikiri udanganyifu huo mwaka 2016. Ilinaswa kwa kuwa palikuwa na namba iliyotangazwa ya kulinganishia. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tayari hukagua magari yaliyotumika. Liongeze mstari mmoja kwenye ukaguzi huo: unywaji wa mafuta.