Fedha ya karafuu huja kwa mkupuo, tumbo hula kila siku

Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, Pemba nzima hujua. Nyumba hii inaezekwa bati, ile inapigwa plasta, na nyingine inamkatia tiketi mtoto anayekwenda kusoma nje: India, Uturuki, Misri au China. Wazazi wanauza karafuu zao ZSTC, wanaongezea mkopo kidogo kwa jamaa, na kijana anapanda boti Mkoani akiwa na fedha ya ada na dua za mtaa mzima.

Shida haianzi siku hiyo. Huanza mwezi wa nne au wa tano, fedha za mkupuo zinapokwisha na msimu mwingine ukiwa bado mbali. Nasi tunajua mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa sana mwaka huu, mwakani huenda ukapumzika.

Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya nimezungumza na wanafunzi kadhaa wa hapa kwetu walioko nje. Nimesikia jambo moja likijirudia: fedha zikipungua, cha kwanza kukatwa ni chakula. Mwenye nyumba akicheleweshewa kodi hugonga mlango, na chuo kisipolipwa humzuia mwanafunzi mtihani. Tumbo halileti barua ya madai, kwa hiyo ndilo linalokopwa.

Msichana mmoja wa Wete anayesoma Uturuki aliniambia kuwa muhula mzima aliishi kwa chai, mkate na tambi za pakiti. Mama yake akipiga simu, jibu lilikuwa moja: “Sijambo mama, nakula vizuri.” Alipoanza kuona kizunguzungu akipanda ngazi alikwenda kupima, akaambiwa ana upungufu wa damu.

Habari yake si ya ajabu. Msichana anayepata hedhi kila mwezi hupoteza madini ya chuma, na asipoyarudisha kwa chakula huanza kuchoka, kuhema haraka, kupata kizunguzungu na kushindwa kutulia darasani. Chai anayoinywa pamoja na chakula nayo huuzuia mwili kufyonza sehemu ya madini hayo. Familia imeuza karafuu ili mtoto asome, na mtoto yuko darasani lakini hasomi.

Ndugu msomaji, tusimalize kwa kuwaambia vijana wabane matumizi. Wengi wao wameshabana mpaka basi. Jambo la kurekebisha lipo huku nyumbani: fedha yetu huja mara moja kwa msimu, na mahitaji ya mtoto huja kila siku. Lazima mtu akae katikati aigeuze ile iwe hii.

Wajerumani wameliwekea jambo hili utaratibu. Mwanafunzi wa kigeni anayeomba viza ya Ujerumani hutakiwa kuthibitisha kuwa ana fedha za kuishi mwaka mzima, na njia inayotumika sana ni akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904. Fedha huwekwa zote, lakini mwanafunzi haruhusiwi kuchukua zaidi ya yuro 992 kwa mwezi. Akitaka kununua simu mpya mwezi wa kwanza, akaunti haimruhusu.

Kiwango hicho ni kikubwa kwa wengi wetu, lakini utaratibu wenyewe hauhitaji Ujerumani. Familia inaweza kufanya hivyo hivyo kwa akaunti ya benki Chake Chake au Wete, ikasimamiwa na mtu mmoja anayeaminika, awe mama, mjomba au khalti. Karafuu zikiuzwa, fedha ya mtoto iingizwe humo kabla ya bati na plasta. Igawanywe kwa miezi 12 na itumwe tarehe ile ile kila mwezi. Kuituma kwa vipande vya kila wiki ni hasara kwa sababu ya makato. Takwimu za Benki ya Dunia zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa Afrika kusini mwa Sahara ndiko kutuma fedha kunakogharimu zaidi duniani.

Kabla ya kugawa, toeni mambo mawili pembeni. La kwanza ni bima ya afya, ambayo mara nyingi husahaulika katika hesabu. Anayekwenda Uingereza, kwa mfano, hulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo kwa ajili ya huduma za afya, na hulipa wakati wa kuomba viza. Ulizeni mapema nchi anayokwenda mtoto wenu inataka nini.

La pili ni akiba ya dharura, angalau nauli ya kurudi nyumbani. Aprili 2023 vita vilipozuka Khartoum, Watanzania waliokuwa huko, wengi wao wanafunzi, walitolewa kwa njia ya Ethiopia. Siku kama hiyo mtu aliye na akiba kidogo mfukoni huwa na nafuu. Bei nazo hazitabiriki. Uturuki mfumuko wa bei ulipita asilimia 85 Oktoba 2022, kwa hiyo hesabu mliyoipiga wakati mtoto anaondoka ipigwe upya kila muhula.

Tusidanganyane pia kwa neno “atajitafutia kazi huko huko”. Uingereza mwanafunzi wa shahada haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo. India viza ya mwanafunzi haimruhusu kuajiriwa. Kazi ikipatikana kihalali ni nyongeza, lakini isiwe ndiyo sahani ya chakula.

Na aliyepata ufadhili? Udhamini kamili wa serikali ya China humpa mwanafunzi wa shahada ya kwanza posho ya yuan 2,500 kwa mwezi. Ule wa serikali ya Uturuki hulipa ada, malazi, bima na posho. Huku nyumbani tukisikia “posho” huanza maombi ya simu, viatu na mchango wa harusi. Posho hiyo ni chakula na dawa. Anayeiomba anakula katika sahani ya mtoto.

Kwa kijana mwenyewe, siha haihitaji nyama kila siku. Maharage, chooko, adesi na mayai ni rahisi katika nchi nyingi, na vikinunuliwa kwa wingi hushuka bei zaidi. Kamulia limau au kula chungwa pamoja navyo, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai isubiri kama saa moja baada ya kula. Tambi za pakiti zina chumvi nyingi na lishe kidogo, basi ziwe za siku moja moja. Wanafunzi wanne wakipika chungu kimoja kwa zamu, kila mmoja huingia jikoni mara moja kwa siku nne, na akikosa kula wenzake watajua.

Msichana atengewe fedha ya pedi katika bajeti, na itajwe kwa jina lake. Wapo wanaoona haya kuiomba kwa baba. Mama au khalti alisimamie hilo tangu mwanzo.

Mwisho ni simu zetu. Tunapiga, tunasalimia, tunauliza “hujambo?” na tunajibiwa “sijambo”, kwa sababu kwetu hilo ndilo jibu hata kwa mgonjwa. Kijana anajua karafuu ziliuzwa kwa ajili yake, na anaona aibu kusema hazikutosha. Leo usiku ukimpigia, baada ya salamu muulize mambo matatu: jana ulikula nini, kodi imelipwa hadi mwezi gani, na bima yako inakwisha lini? Akisitasita, usimkemee. Kaa kimya kidogo umsubiri aseme.