Miaka 60 ya Nyaraka za Taifa: Sasa Zifike Buha

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ilitimiza miaka 60 mwaka 2023. Ilianzishwa mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa, ili karatasi za serikali zisiliwe na mchwa wala kuishia kufungia karanga sokoni. Wananchi wa Kasulu na Kibondo tunaipongeza.

Kazi haikuwa nyepesi. Kwa mfano, Buha, nchi ya Waha yenye Kasulu na Kibondo, ilitawaliwa na Wajerumani, ikashikwa na Wabelgiji kuanzia 1916 hadi 1921, kisha ikawa chini ya Waingereza hadi Uhuru. Kila mtawala aliandika kwa lugha yake. Idara ilipokea kilichobaki nchini, ikakipanga na kukitunza. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza majalada yake ya Kijerumani katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Katika nyaraka za Idara ndimo yalimo mambo yetu. Vitabu vya Wilaya, vilivyojazwa na mabwana shauri waliopokezana bomani, vimebeba nasaba za watawala wa Heru, Muhambwe na Buyungu pamoja na desturi za Waha. Habari za makazi yaliyopangwa kwa sababu ya malale, na za vijana walioandikishwa kwenda kukata mkonge, nazo ni sehemu ya historia hiyo. Aliyeandika alikuwa mgeni na mara nyingi alikosea. Anayeweza kumsahihisha ni mwenyeji, naye hawezi kusahihisha asichokisoma.

Leo mwalimu wa Kibondo anayetaka kusoma jalada la wilaya yake husafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam. Sheria ya nyaraka ya mwaka 2002 inampa mwananchi haki ya kuziona nyaraka za umma zilizotimiza miaka 30. Majalada ya kuhamia vijiji vya ujamaa, ya miaka ya 1970, yameshavuka umri huo. Haki ipo, njia ndiyo haijafika.

Kwa hiyo wajibu wa miaka ijayo uko wazi. Majalada ya Buha yapigwe picha za kidijitali, majina ya Kiha yaandikwe sawasawa, na nakala zifunguliwe bila malipo katika maktaba na shule za Kasulu na Kibondo. Halmashauri nazo ziache kurundika majalada ya zamani stoo. Ziyakabidhi Idara kabla hayajaoza. Serikali itenge fedha za kazi hiyo katika bajeti ijayo.