Moto wa Bani ni Moto wa Kiwanda

Mto Ruvuma huanza katika milima ya Matogoro, kando ya mji wa Songea. Maji yake husafiri mbali, yakawa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kisha yakaingia Bahari ya Hindi. Msitu wa nchi yenye chanzo kama hicho hauwezi kutazamwa kama pori lisilo na mwenyewe. Walakini ndivyo ulivyotazamwa kwa miaka mingi na biashara moja kubwa iliyojengeka humo, yaani biashara ya tumbaku.

Siku hizi kampuni kubwa za tumbaku duniani zina sera za mazingira. Sera hizo huchapwa katika karatasi nzuri, zenye picha za miche na malengo yaliyopangiwa miaka: moshi wa mitambo utapungua, maji yatatumiwa kwa uangalifu, miti itapandwa kwa wingi. Maneno hayo si mabaya. Ubaya umo katika hesabu iliyo nyuma yake, na hesabu hiyo haina budi kukaguliwa.

Tumbaku iliyoupatia Songea na Namtumbo jina ni tumbaku ya moshi. Majani hutundikwa ndani ya bani, na moto wa kuni huwashwa chini yake, sakafuni, kwa siku nyingi. Tumbaku ya mvuke, inayolimwa sana Tabora, hukaushwa kwa joto linalopita katika mabomba, na moshi hauligusi jani. Tofauti hiyo ni kubwa. Katika tumbaku ya mvuke kuni ni nishati tu, na huenda siku moja zikapata mbadala. Katika tumbaku ya moshi, moshi wenyewe huingia katika jani, ukalipa rangi, harufu na ladha ambayo mnunuzi ameifuata. Kuni hapo ni malighafi, kama pamba ilivyo malighafi ya kitambaa.

Basi na iulizwe: ni kiwanda gani cha nguo kinachoipata pamba bure, kisha kikajisifu kwa kumgawia mkulima mbegu chache? Kampuni ikinunua jani la moshi, imenunua na mti uliochomwa. Hata hivyo, bei ya mti huo haionekani popote. Haimo katika daraja la tumbaku, haimo katika malipo ya chama cha msingi, wala haimo katika vitabu vya kiwanda. Mkulima ameukata kwa shoka lake, ameubeba kwa nguvu zake na za watoto wake, naye ndiye anayelaumiwa kuwa mharibifu wa mazingira. Hapo ndipo ulipo unyonyaji. Faida huhesabiwa ndani ya ua wa kiwanda, na hasara huachwa nje ya ua, kijijini. Kiwanda hujitangaza kuwa kimepunguza moshi wa bomba lake, ilhali bani, ambalo ndilo tanuri lake la kwanza, linaendelea kuteketeza miombo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba tumbaku hugharimu dunia miti milioni 600 na hekta 200,000 za ardhi kila mwaka. Makadirio hayo ni ya ulimwengu mzima, lakini hayakutoka hewani. Yametokana na vijiji vilivyo mfano wa vile vya Ruvuma, ambako miombo huchukua miongo kukomaa na siku chache kuwa majivu.

Wako watakaosema kwamba kampuni hugawa miche, na kwamba mikataba humtaka mkulima apande miti. Ni kweli, na jambo hilo lisibezwe. Lakini kupanda ni jambo moja na kukuza ni jambo jingine. Mche uliotolewa kitaluni huhesabiwa siku ile ile na kuingizwa katika taarifa. Moto wa kiangazi ukiuteketeza, au mchwa wakiutafuna, hakuna anayerudi kuufuta katika taarifa. Kadhalika ardhi inayopandwa ni ya mkulima, palizi ni yake, na miaka ya kungoja ni yake. Mchango wa kampuni ni mche, na sifa ni ya kampuni yote. Tena si kila mti ni faraja: mikaratusi ikipandwa bondeni karibu na chemchemi hunywa maji ambayo msitu wa asili ungeyatunza.

Wako pia watakaosema kwamba makampuni yakibanwa yatahama, na mkulima atabaki bila mnunuzi. Hoja hii ndiyo inayowatisha viongozi wengi, nayo inastahili jibu. Mnunuzi hukaa palipo na jani. Pakikosekana kuni hapatakuwa na jani la moshi, naye atahama bila kubanwa na mtu yeyote. Tofauti ni kwamba siku hiyo mkulima atabaki bila mnunuzi na bila msitu. Anayedai kuni zilipwe ndiye anayelinda zao lenyewe pamoja na mkulima wake.

Ukweli unadai pia kwamba lawama zisitupwe kwa wageni peke yao. Serikali ya kikoloni iliuhesabu msitu kuwa ni wa bure. Chama Kikuu cha Ngoni-Matengo, kilichoundwa mwaka 1936, kilimpa mkulima sauti katika soko, lakini hakikuipa miti bei. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, na ununuzi kushikwa na mamlaka ya umma, bani liliendelea kula msitu ule ule kwa hesabu ile ile. Kubadili mwenye mali hakukubadili kitabu cha mahesabu. Kujikosoa huku ni muhimu, maana deni la miaka mingi haliwezi kulipwa na wale wasiokubali kwamba lipo.

Silaha za kulipa deni hilo hazikosekani. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 27, inamtaka kila mtu alinde maliasili ya nchi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi haki ya mazingira safi na salama, na inazuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na kifungu cha 18 cha mkataba huo kinahusu ulinzi wa mazingira katika kilimo na utengenezaji wa tumbaku. Kinachokosekana ni watu wa kuuliza maswali.

Watu hao ni watumishi wa umma na walimu. Ofisa anayepokea taarifa ya kampuni, akala chakula cha mchana, akaipongeza bila kukanyaga shamba la miti, ameuza saini yake kwa bei ya sahani ya wali. Kazi yake ni kwenda shambani mwaka wa tatu baada ya upandaji, akahesabu miti iliyo hai. Kazi yake ni kutaka sera ya kampuni isomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na malengo yake yabandikwe katika ghala la chama cha msingi. Kila taarifa ieleze kilo ngapi za kuni zimechomwa kwa kila kilo ya tumbaku iliyonunuliwa. Gharama ya shamba la kuni na ya bani linalotumia kuni chache iingizwe katika bei ya jani. Lengo lisilopimika kijijini lihesabiwe kuwa tangazo la biashara.

Mwalimu naye asijione yuko mbali. Mwaka 1980 kampeni ya Misitu ni Mali iliwafikia wananchi kwa redio na vikundi vya kujisomea, kama Mtu ni Afya ilivyofanya mwaka 1973. Mtoto wa Namtumbo anayejua kugawanya anaweza kupima kuni za bani la baba yake na kuona mwenyewe nani anamlipia nani. Hesabu hiyo ni elimu ya kujitegemea.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitaja ardhi miongoni mwa mambo manne ambayo maendeleo huyahitaji, pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora. Ardhi ya Songea imekwisha kutoa sehemu yake. Anayetaka kuvuna moshi wa Ruvuma na alipe mti wa Ruvuma, na wenye dhamana ya kumdai wamdai.