Terwa Gani, na Algeria Mliificha Wapi?

Wasee, hizi video za waini zimenichosha. Mtu anazungusha glasi, anafunga macho, halafu anaanza: terwa, terwa, terwa. Maana yake ni hii: udongo, jua, upepo na mkono wa mkulima vinaingia kwa chupa, kwa hivyo ukionja waini unaonja mahali ilikotoka. Sawa. Udongo una kazi yake, hapo sibishi. Zabibu za Picpoul, zinazokuzwa kando ya ziwa la chumvi la Thau kusini mwa Ufaransa, zinatoa waini nyeupe yenye ukali kama wa ndimu, na wenyeji wanainywa wakila chaza wa ziwa hilo hilo. Hiyo ni ukweli.

Lakini ukiwa kwa hayo mashamba, ng'ambo ya maji unaona mji wa Sète, na Sète ni bandari. Waulize hao wazungusha glasi ilikuwa inashusha nini zamani. Waini ya Algeria, bana! Meli kwa meli.

Languedoc, hiyo pwani inayojisifia udongo leo, ilikuwa imejaza zabibu inaitwa Aramon. Inazaa sana, lakini waini yake ni nyepesi, haina rangi, haina nguvu. Dawa ilikuwa gani? Unachanganya na ya Algeria, nyeusi ti, kileo cha kutosha, jua lote la Oran likiwa ndani. Mnywaji wa Paris anateremsha tu, na hakuna anayemtajia Oran.

Na si ati ilikuwa matone mawili. Wafaransa waliivamia Algeria 1830, wakanyang'anya watu ardhi. Filoksera, mdudu wa kumaliza mizizi, alipoangamiza mizabibu kwao, wakapanda kwa wingi huko Afrika. Kufikia miaka ya 1930 Algeria ilikuwa na karibu hekta 400,000 za mizabibu, na hakuna nchi duniani iliyouza nje waini nyingi kuishinda. Nchi ya Waislamu! Watu wakawa vibarua kwa mashamba ya babu zao, wakivuna kitu ambacho dini yao inakataza.

Sasa shika hii. Mwaka 1935 Ufaransa ikapitisha sheria ya kulinda majina ya mahali waini inakotoka. Hizi hadithi zote za terwa zinasimama juu ya hiyo sheria. Kwa daraja lake la juu, Algeria haikupewa hata jina moja. Waini ya kuchanganya ilifaa, jina halikufaa.

Uhuru ukaja 1962. Wakulima wa kusini mwa Ufaransa, waliokuwa wakilalamika kitambo, wakapata walichotaka: soko likafungwa. Wasovieti wakanunua kwa bei ya kutupa, na Algeria ikaanza kung'oa mizabibu. Huo udongo ulikuwa umeharibika lini?

Kwa hivyo ukileta video nyingine ya upepo wa bahari na mawe ya chokaa, anza na mapipa ya Sète. Na kama ulidhani Mascara ni rangi ya kope tu, si mji wa Algeria uliojulikana kwa waini yake, tafadhali usitufundishe kuonja mahali.