Barua ya Wazi kwa Mganga Mfawidhi: Ugonjwa wa Ukoo Mliotuandikia

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

CT-Scan ya dada yangu mliipiga ninyi, nasi tukalipa taslimu. Mliona kalsiamu imeganda katikati ya ubongo, kulia na kushoto. Daktari wako akaandika "Fahr", akatuambia ni ugonjwa wa ukoo, hauna tiba, tukamuuguze nyumbani.

Ugonjwa huo upo, na ni adimu kweli. Una jina la Karl Theodor Fahr, Mjerumani aliyeandika habari zake mwaka 1930. Jeni zake zilianza kutajwa mwaka 2012, na katika familia nyingi zilizo nao kila mtoto wa mgonjwa yuko nusu kwa nusu: kuurithi au kusalimika. Ndiyo maana hauandikwi kabla damu haijapimwa kalsiamu, fosfeti na homoni ya zile tezi nne ndogo za shingoni. Tezi hizo zikiharibika, kalsiamu hushuka kwenye damu huku ikiganda kwenye ubongo, na picha huwa ileile. Tofauti ni kwamba tatizo hilo la tezi lina dawa.

Dada ana kovu la upasuaji wa rovu, limeivuka shingo yote. Huku kwetu nyanda za juu, kovu hilo nani asiyelijua? Alilalamika midomo inakufa ganzi, vidole vinakakamaa. Kwenye faili mkaandika "wasiwasi". Nilipouliza kuhusu kipimo, nikajibiwa vitendanishi vimeisha. Tukauza ng'ombe, tukapima kwingine: kalsiamu iko chini mno. Leo anameza vidonge vya kalsiamu na vitamini D, na kifafa kilichokuwa kikimsumbua kimetulia. Mwendo haujarudi wote.

Lakini neno lenu lilikuwa limeshafika mtaani kabla yetu. Siri za wagonjwa kwenu, naona, hazihitaji kitendanishi. Binti yake mkubwa alikuwa ameposwa. Mshenga akaja na maneno laini, posa ikavunjika: ugonjwa wa ukoo. Shangazi wa bwana harusi akalimalizia sokoni: ugonjwa wa ukoo. Mdogo wa kiume wa binti huyo, kijana mzima, kila asubuhi hunyoosha mikono mbele ya dirisha aone kama inatetemeka. Nimemweleza, ananiitikia "ndiyo, mjomba", kesho ananyoosha tena.

Ni wangapi wengine mmewapa urithi ambao wazazi wao hawakuwa nao? Wangapi wako kwenye maombezi wanakemewa mapepo, shida yao ikiwa kalsiamu? Viongozi wanakuja kukata utepe wa mashine mpya, kamera zinaondoka, maabara inabandika karatasi mlangoni: "Hakuna huduma."

Dada amekatazwa kusafiri, basi nitakuja mimi. Naomba faili lisahihishwe, na kila mwenye chokaa ubongoni apimwe damu kabla ya kupewa jina la ugonjwa. Na naomba barua yenye mhuri wako, ikisema wazi kwamba ugonjwa huu mama wa vijana hawa aliupatia kwenye upasuaji, hakuzaliwa nao. Nakala ziwe mbili. Moja ni ya mshenga.

Wako mtiifu,
Kaka wa mgonjwa